Wosia
Neno wosia, ambalo wengine hulitamka wasia au usia, limetoka Kiarabu. Kitenzi chake ni kuusia: kuagiza kwa mkazo. Babu akituusia tupendane, ameacha wosia bila kugusa shamba. Naupenda upana huo, ila unawaponza wazee wetu waliostaafia Ujerumani: wanausia kwa simu, wakidhani maneno yametosha. Kwa waliofariki tangu 17 Agosti 2015, mirathi huko kwa kawaida hufuata sheria ya nchi alikokuwa akiishi marehemu, isipokuwa kama wosia wake umechagua sheria ya nchi ya uraia wake. Kwa sheria ya Ujerumani, bila mthibitishaji wa umma, kwa kawaida wosia lazima mwenyewe auandike wote kwa mkono wake na kuutia saini. Mzee wangu, tuusie, kisha ushike kalamu.