Sumaku Haionji Chumvi

Katika masoko ya vifaa vya hoteli ya Shaxi na Nantian, wilayani Panyu kusini mwa Guangzhou, meza za jikoni, masinki, rafu na makabati ya stenlesi vimepangwa duka baada ya duka. Mnunuzi aliyetoka Kariakoo au Eastleigh mara nyingi huingia humo na kinga moja tu: kisumaku mfukoni. Kikinasa, meza inakataliwa. Kisiponasa, mazungumzo ya bei yanaanza. Kipimo hiki kimepokewa kama urithi, na ni wachache wanaouliza kilianzia wapi. Ninavyoona mimi, kilikuwa shahidi mwaminifu katika zama zake, kisha historia ya madini ya nikeli ikakigeuza shahidi wa uongo. Malalamiko mengi ya pwani yetu kuhusu "meza za China" chanzo chake kiko hapo zaidi kuliko mikononi mwa mafundi wa Guangdong.

Mnamo 1912 na 1913, wataalamu wa kampuni ya Krupp mjini Essen na Harry Brearley wa Sheffield, kila upande kwa njia yake, walipata vyuma visivyoshika kutu kwa kuvichanganya na kromiamu. Kromiamu ikifika walau asilimia 10.5, hewa inapoigusa hufanya utando usioonekana kwa macho, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Chuma hakijaacha kuwa chuma, kimevikwa tu. Baadaye ukaenea mchanganyiko wa asilimia 18 za kromiamu na 8 za nikeli, ambao ndio 304 ya leo. Nikeli hapo haikuja hasa kupigana na kutu. Kazi yake kubwa ni kubadili mpangilio wa ndani wa chuma ili bamba likandamizwe hadi kuwa sinki bila kupasuka, na ikatokea kwamba mpangilio huo hauvutwi na sumaku. Ndugu yake wa bei nafuu, 430, hana nikeli, kwa hiyo sumaku humnasa. Ilipokuwa kazi ni kuchagua kati ya hao wawili, kisumaku kilitosha, kwa sababu kisichonasa kilikuwa na nikeli, na chenye nikeli kilikuwa ndicho cha ghali.

Nikeli, lakini, ni madini ya vita na bahati nasibu. Ilipoadimika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na tena wakati wa vita vya Korea, Wamarekani waliweka manganisi na naitrojeni badala ya sehemu ya nikeli, ikazaliwa jamii ya 200, ikiwemo 201. India nayo, iliyoona uzito wa gharama ya kuagiza nikeli, ikaikuza kwa vyombo vya nyumbani. Kisha ikaja zamu ya China. Mwaka 2001 wastani wa bei ya tani moja ya nikeli haukufika dola 7,000. Mei 2007 ilivuka dola 50,000. Katika miaka hiyohiyo China ilikuwa inapanda kuwa mzalishaji mkuu wa stenlesi duniani, na Foshan, mji uliopakana na Guangzhou, wenye soko mashuhuri la Lanshi, ukajaa mabamba ya 201. Kwa viwango vya Marekani, 201 ina nikeli ya asilimia 3.5 hadi 5.5 na kromiamu ya 16 hadi 18. Sokoni zilitokea pia aina zenye nikeli ya asilimia 1 tu, na hapa ndipo penye mtego. Nikeli ikipunguzwa sana, mpangilio ule usionasa sumaku hauwezi kubeba kromiamu nyingi, basi mwenye kiwanda hupunguza na kromiamu, pengine hadi 13. Sasa mpe mnunuzi wetu meza mbili. Sumaku yake itaikataa 430 yenye kromiamu 16 na kuipitisha ile yenye 13. Itamchagulia iliyo dhaifu, naye atarudi nyumbani akiwa ameridhika.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni maelezo marefu ya jambo fupi: Mchina anatuuzia feki. Historia ya Foshan haikubali hukumu hiyo. Katika enzi za Ming na Qing mji huo ulijulikana kwa kusubu chuma, na makarai yake ya kupikia yalivuka bahari kwa wingi hivi kwamba mwaka 1731, chini ya mfalme Yongzheng, meli za kigeni zilipigwa marufuku kuyachukua. Eneo lenye ustadi wa karne kadhaa katika vyombo vya jikoni haliwezi kusemwa halijui kutengeneza meza. Mtaa uleule unaouza 201 unauza 304, na hata 316 iliyoongezwa molibdenamu ili ihimili chumvi, kwa atakayelipia. Wala 201 yenyewe si feki. Kwenye rafu ya sahani kavu, mbali na bahari, itadumu bila mashaka, na kumtoza mama lishe wa Dodoma bei ya 304 kwa rafu hiyo ni kumwonea.

Ugomvi wa kweli ni wa chumvi. Kloridi iliyomo kwenye chumvi hutoboa ule utando kwa vijitundu vidogo kama vya sindano, na kutu huanzia ndani. Jikoni mwa Mombasa au Unguja kloridi inatoka pande tatu: kwenye upepo wa bahari, kwenye maji ya samaki na achari, na kwenye jiki inayomwagwa mezani jioni kwa nia njema ya usafi ikaachwa ikaukie hapohapo. Pande mbili za mwisho ziko chini ya mamlaka ya mpishi. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kitambaa kinachofuata mistari ya bamba, kusuuza, kisha kukausha: hayo ndiyo matunzo yenyewe, na ukaushaji ndio unaosahaulika zaidi. Stilwaya ni adui anayejifanya rafiki, kwani huacha chembe za chuma cha kawaida zinazoshika kutu na kumfanya mwenye meza adhani ametapeliwa. Tazama pia maungio: palipochomelewa na kuachwa na weusi wa moto, kromiamu ya juu imeungua, na kutu huanza hapo hata kwenye 304.

Pingamizi zito zaidi ni lile la muhuri. Bamba linaweza kugongwa 304 huku likiwa 201, kwa hiyo kujua namba kutamsaidia nini mnunuzi? Swali hili Guangzhou ililijibu zamani, kwa namna yake. Kati ya 1757 na 1842, ilipokuwa bandari pekee ya China iliyofunguliwa kwa biashara ya Wazungu, shehena ilipitia kwa wafanyabiashara wachache waliopewa idhini, na chai iliyokutwa mbovu London iliweza kurudishwa kwenye hesabu ya aliyeiuza, naye akaifidia. Mwagizaji wa kontena moja hana mkono mrefu kama wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Alichonacho ni malipo yaliyobaki, ambayo kwa kawaida ya biashara hii ndiyo sehemu kubwa na hulipwa kabla ya kupakia. Basi apime kabla ya kuyalipa. Vipo vichupa vya dawa vinavyouzwa kwa bei ndogo ambavyo, tone likidondoshwa kwenye bamba, hubadilika rangi palipo na manganisi nyingi. Tone hilo lidondoshwe kwenye uso wa meza na kwenye miguu yake pia, maana uso wa 304 unaweza kusimama juu ya mabomba ya 201, na miguu ndiyo inayolowa kila sakafu inapopigwa deki.