North Wilkesboro: Uwanja Ulionunuliwa kwa Ajili ya Tarehe Zake

Chini ya milima ya Blue Ridge, katika jimbo la North Carolina, Marekani, kuna uwanja wa mbio za magari uliokaa upogo. Mzunguko wake ni kama kilomita 1 tu. Upande mmoja magari huteremka, upande wa pili hupanda. Enoch Staley na wenzake walipoujenga, fedha ziliwaishia kabla hawajaisawazisha ardhi, wakaufungua hivyo hivyo mwaka 1947.

Kaunti ya Wilkes, ulipo uwanja huo, ilisifika kwa gongo. Vijana waliosafirisha pombe hiyo usiku, maofisa wa serikali wakiwa nyuma yao, walijua kuendesha gari hasa, na baadhi yao wakawa madereva wa mbio. Junior Johnson, dereva maarufu wa mbio aliyezaliwa huko, alikamatwa mwaka 1956 kwenye mtambo wa gongo wa baba yake akafungwa. Rais Reagan alimsamehe miaka 30 baadaye. Ni kwenye uwanja huo NASCAR, shirika linalosimamia mbio hizi Marekani, ilipohitimishia msimu wa kwanza wa ligi yake kuu, Oktoba 1949.

Staley alifariki mwaka 1995. Bruton Smith, ambaye mwaka huohuo aliiingiza kampuni yake ya Speedway Motorsports kwenye soko la hisa la New York, akanunua nusu ya uwanja. Nusu ya pili ilichukuliwa na Bob Bahre, mwenye uwanja wa New Hampshire. Walichokitaka ni tarehe. North Wilkesboro ilikuwa na mbio kuu mbili kwa mwaka, na ratiba ya NASCAR ikishajaa, anayetaka nafasi hana budi kumnunua aliye nayo. Septemba 29, 1996, Jeff Gordon alishinda mbio za mwisho mbele ya majukwaa yaliyofurika. Mwaka uliofuata tarehe moja ilikwenda Texas, kwenye uwanja mpya wa Smith, na nyingine New Hampshire, uwanja ukaachwa bila mbio. Kwa hiyo si kweli kwamba uwanja ule uliuawa na uhaba wa watazamaji.

Mwaka 2007 Smith alikubaliana kununua uwanja wa New Hampshire, na ile nusu ya Bahre ikaja nayo. Jaribio la kuufufua uwanja mwaka 2010 halikudumu, magugu yakarudi kwenye nyufa za lami.

Sasa kampuni ya Smith inasifiwa kwa kuuokoa uwanja, lakini mambo yalivyofuatana yasisahauliwe. Desemba 2019 dereva maarufu Dale Earnhardt Jr. na watu wa kujitolea waling'oa magugu ili njia ipimwe kwa leza kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Mwaka 2021 jimbo likatenga dola milioni 18, fedha za umma za kukabili athari za korona. Ndipo mwenye mali akaanza kukarabati kwa dhati, na Mei 2023 Kyle Larson akashinda hapo mbio za nyota wa NASCAR.

Nafurahi kwamba injini zinanguruma tena Wilkes. Hata hivyo mji hauna hisa yoyote katika tarehe za mbio, na kampuni inayozishikilia ina viwanja vingine vingi vya kuzipeleka.