Hoteli ya St Pancras: jumba lililoponzwa na uimara wake

Wasomaji wa safu hii mmezoea kuniona nikilalamikia nyumba za Mji wa Kale, Mombasa. Leo nawapeleka London, kwani kuna jumba kule ambalo kisa chake chatuhusu.

Enzi za Malkia Victoria, kampuni za reli zilijenga hoteli mlangoni mwa stesheni zao, abiria apate pa kulala na jina la kampuni lionekane. Kampuni ya Midland iliitisha mashindano ya michoro mwaka 1865 kwa ajili ya stesheni yake ya St Pancras. Alishinda George Gilbert Scott, ingawa mchoro wake ulikuwa mkubwa na wa gharama kuliko walivyoomba. Midland Grand Hotel ilifungua milango Mei 1873 na ujenzi ukamalizika 1876.

Mtindo wake ni wa Kigothi: matao yenye ncha, paa za mwinuko mkali na minara, kama makanisa ya kale ya Ulaya. Matofali mekundu yalitoka Nottingham, mji uliokuwa kwenye njia ya reli yenyewe, kwa hiyo ukuta mzima ulikuwa tangazo la biashara. Upande wa magharibi jengo lapinda kama upinde. Mashariki umesimama mnara wa saa. Nyuma yake kuna paa la chuma la stesheni, kazi ya William Barlow ya mwaka 1868, lenye upana wa mita 73 hivi bila nguzo hata moja katikati.

Ndani, kinachowavutia watu ni ngazi kuu. Yapanda moja, kisha yagawanyika mbili, na vyuma vinavyoibeba vimeachwa wazi na kurembwa. Kulikuwa na lifti zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji, na sakafu nene zilizojengwa kuzuia moto usipande.

Lakini vyumba vilikuwa kama 300 na mabafu hayakuzidi kumi! Mgeni alioga kwenye beseni chumbani, watumishi wakipandisha maji na makaa ya mawe, kisha wakishusha uchafu. Nikumbushe tu kwamba nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilikuwa na choo na birika ndani.

Hapo ndipo uimara ulipogeuka balaa. Hoteli mpya zilipoanza kumpa kila mgeni bafu lake, zile sakafu nene za St Pancras zikawa kikwazo kikubwa cha kupitisha mabomba. Mwaka 1935 hoteli ikafungwa, ikafanywa ofisi za reli.

Miaka ya 1960 ikaja hatari ya kubomolewa. Lango kuu la mawe la stesheni jirani ya Euston lilikuwa limeshavunjwa, na watu walikuwa na uchungu nalo. Mshairi John Betjeman na wenzake wa Victorian Society wakapiga kelele, na mwaka 1967 jengo likawekwa daraja la juu kabisa la ulinzi wa kisheria.

Sheria ilizuia nyundo, lakini haikuleta mpangaji. Miaka ya 1980 hata zile ofisi zilihama kwa sababu za usalama wa moto, jumba likabaki tupu. Kilicholiokoa ni treni za kwenda Paris, zilizohamia St Pancras Novemba 2007. Wageni wakawa wapo tena, fedha zikapatikana, na mwaka 2011 likafunguliwa tena kuwa hoteli.

Sisi Mji wa Kale tumeishia kwenye hatua ya 1967. Warithi wa nyumba wameambiwa wasibomoe. Hawajaambiwa chokaa na boriti watanunua kwa pesa gani, wala nyumba itawaingizia nini ikishakarabatiwa. Kaunti ingeweza kuanza na mambo mawili: kuwapunguzia kodi ya ardhi wanaokarabati, na kurahisisha leseni za nyumba za wageni mitaani humo. Mvua za masika zikija, kuta zisizo na chokaa hunywa maji.