Mkia wa Mafuta: Dawa Iliyoshindwa na Saratani, Ikawafaa Watoto

Mwaka 1984, Berthe Willumsen, Douglas Lowy na wenzao walibadilisha kitu kidogo sana katika protini iitwayo Ras. Protini hiyo ina asidi amino 189, nao waligusa moja tu karibu kabisa na mwisho wa mnyororo, sisteini iliyo katika nafasi ya 186. Ras waliyoichukua ilikuwa na uwezo wa kuigeuza seli ya kawaida ikawa na tabia za saratani. Baada ya badiliko hilo uwezo wote ulitoweka. Protini bado ilitengenezwa, lakini ilizagaa ndani ya seli bila kuufikia utando.

Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta, na protini kama Ras kwa asili yake huyeyuka katika maji, hivyo haina pa kushika hapo. Seli hulitatua tatizo hilo kwa kuipachika mkia wa mafuta. Mkia huzama ndani ya utando na kuishikilia protini mahali pake, kama nanga inavyoshikilia jahazi. Ras hupokea amri za ukuaji kutoka kwa vipokezi vilivyo kwenye utando huohuo. Ikikaa mbali nao haina la kufanya.

Kwamba protini zaweza kubeba mafuta lilikuwa jambo linalojulikana. Jordi Folch alieleza mwaka 1951 juu ya protini za ubongo zilizoandamana na mafuta, na mwaka 1982 ilithibitishwa kwamba baadhi ya protini hubeba asidi ya mafuta yenye kaboni 14. Lakini mkia wa Ras ni wa aina nyingine, nao ulikuwa umekwisha kuonekana Japani mwaka 1978 katika kichocheo cha uzazi cha kuvu. Wataalamu wa saratani hawakuwa na sababu ya kusoma habari za kuvu. Ilichukua hadi mwaka 1989 ndipo makundi mawili, la John Hancock na wenzake jijini London, na la Patrick Casey na wenzake Marekani, yakaonyesha kwamba Ras hubeba farnesili, mkia wa kaboni 15.

Farnesili huzalishwa katika njia ileile inayozalisha kolesteroli, ile ambayo dawa za kushusha kolesteroli huiziba mwanzoni. Ndiyo maana waliokitoa kimeng'enya kinachopachika mkia huo, mwaka 1990, walikuwa kundi la Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, washindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya kolesteroli. Walikipata katika ubongo wa panya.

Kilichofuata kilikuwa mbio. Ras zilizoharibika hupatikana katika saratani nyingi, hasa za kongosho, utumbo mpana na mapafu. Hesabu ilionekana rahisi: zuia kimeng'enya, Ras ikose mkia, saratani isimame. Makampuni yalitengeneza dawa kadhaa, mojawapo lonafarnib, na kwa panya wa maabara uvimbe ulinywea hasa.

Kwa wagonjwa hazikufua dafu. Majaribio mengi ya mwanzo kwa panya yalitumia aina ya H-Ras, ilhali saratani nyingi za binadamu hubeba K-Ras. K-Ras ikinyimwa farnesili, kimeng'enya kingine huipachika mkia mrefu zaidi wa kaboni 20, nayo hurudi utandoni kuendelea na kazi yake. Kwa maoni yangu, hapo haraka ilishinda uangalifu. Mgonjwa wa kongosho alikuwa akingojea dawa iliyopimwa kwa protini isiyokuwa yake.

Wakati dawa hizo zikiwekwa kando, daktari Leslie Gordon alikuwa akimlea mwanawe, Sam Berns, mwenye projeria, ugonjwa adimu sana unaomzeesha mtoto. Nywele hupukutika, ngozi hukonda, mishipa ya damu hukakamaa, na mtoto asiyetibiwa hufa, kwa wastani, akiwa na miaka 14 na nusu, mara nyingi kwa moyo au kiharusi. Mwaka 1999 familia ilianzisha taasisi ya utafiti wa ugonjwa huo. Mwaka 2003 jeni lake likapatikana: herufi moja tu imebadilika katika jeni la protini iitwayo lamini A.

Na hapa historia mbili zikakutana. Lamini A huanza maisha yake ikiwa na farnesili. Mkia huo huipeleka kwenye utando wa kiini cha seli, kisha hukatwa. Kwa mtoto mwenye projeria, protini hukosa kipande cha asidi amino 50, na ndani ya kipande hicho ndimo mkasi wa seli hukata. Mkia haung'oki kamwe. Protini hunasa kwenye utando na kiini hupoteza umbo lake. Waliokuwa wakiujua mkia wa Ras walitambua papo hapo dawa ya kujaribu. Kufikia mwaka 2005 maabara kadhaa zilikuwa zimeonyesha kwamba dawa hizo hurudisha umbo la viini, na mwaka 2007 watoto walianza kupewa lonafarnib huko Boston. Sam alikuwa miongoni mwao. Alifariki Januari 2014 akiwa na miaka 17.

Tarehe 20 Novemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha lonafarnib kwa projeria. Haiponyi. Katika ufuatiliaji uliofika miaka 11, iliongeza maisha ya watoto kwa wastani wa miaka 2 na nusu. Daktari Jonathan Hutchinson aliandika habari za ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1886. Kwa miaka yote iliyofuata haukuwa na dawa iliyoidhinishwa, na hiyo ndiyo ya kwanza.