Kumbukumbu za ukoo: Namna ya kugeuza masimulizi ya wazee kuwa kitabu

KATIKA familia nyingi, historia ya ukoo huhifadhiwa na mtu mmoja au wawili tu: nyanya anayekumbuka nani aliolewa wapi, au babu anayejua shamba la kwanza lilipatikana vipi. Wakifariki dunia kabla ya maneno yao kuandikwa, jamaa hubaki na majina yasiyo na habari, na pengine mzozo wa mpaka usio na shahidi.

Wanaotaka kuandika habari hizo aghalabu hukwama mapema kwa kudhani ni lazima waeleze kila kitu. Hiyo ni kazi ya tawasifu, ambapo mtu husimulia maisha yake mwenyewe, au ya wasifu, unaoandikwa na mtu mwingine jinsi Shaaban Robert alivyoandika maisha ya mwimbaji Siti binti Saad. Kumbukumbu ina uhuru zaidi. Huweza kuchukua kipindi kimoja, mathalan miaka ambayo familia ilihamishwa, na kukichimba hadi chini.

Utanzu huu si mgeni katika Kiswahili. Mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na zikachapishwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903 na Heinrich Brode. Maandishi hayo yamejaa safari, vita na hesabu za biashara. Wale waliotekwa na kuuzwa, hata hivyo, hawasikiki humo wakijieleza. Anayeandika habari za ukoo wake hana budi kujiuliza swali lilo hilo: ni nani nyumbani mwao ambaye hajawahi kuulizwa chochote? Mara nyingi ni mke wa pili, mjakazi, au shangazi aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika.

Ugumu mkubwa huwa katika tarehe. Wazee wengi hawahesabu kwa kalenda bali kwa matukio: njaa, mafuriko, rika la tohara. Mzee akisema kuwa mama yake alizaliwa "wakati wa nzige", jawabu hilo halitoshi, kwani nzige waliivamia Kenya kati ya 1928 na 1931, wakarudi katika miaka ya 1940, na tena mwaka 2020. Lazima aulizwe kulikuwa na nini kingine. Je, babu alikuwa amerejea kutoka kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kile kilichoupa mtaa wa Kariokor jina lake? Je, kipande kilikuwa kimeanza kuvaliwa shingoni? Kwa matukio ya karibuni zaidi kuna nguzo imara: tangazo la hali ya hatari la Oktoba 20, 1952, jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, au kupatwa kwa jua kulikoonekana kusini mwa nchi Februari 16, 1980. Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi nayo huhifadhi nyaraka za utawala wa kikoloni zinazoweza kuthibitisha au kupinga yanayosimuliwa.

Kupingwa si hasara. Katika Dreams in a Time of War (2010), Ngũgĩ wa Thiong'o anaeleza jinsi alivyosikia njiani watu wakisimulia kisa cha mwanamume aliyewaponyoka polisi, kisha akafika nyumbani na kugundua kwamba mtu huyo ni kakake. Uvumi wa barabarani na ukweli wa nyumbani vimewekwa bega kwa bega, na nguvu ya kisa imo katika pengo lililo kati yavyo. Ndugu wawili wakikumbuka mazishi yale yale kwa namna mbili, ni heri zote mbili ziandikwe kuliko kulazimisha moja.

Kuhusu lugha, mzee arekodiwe katika lugha anayoota nayo. Simu ya mkononi yatosha. Kinachoharibu kazi ni haraka ya kusahihisha: methali yake ikigeuzwa kuwa sentensi ya shuleni, sauti yake imepotea.

Suala linalotenganisha familia, lakini, ni siri. Mtoto wa nje ya ndoa, jamaa aliyekuwa askari wa kikoloni huku nduguye akiwa msituni, ardhi iliyoandikishwa kwa jina lisilostahili: haya ndiyo hufanya kitabu kisomwe na ndiyo yanayoweza kukifikisha mahakamani. Jina likibadilishwa, wanakijiji bado watamtambua mhusika. Hivyo basi ni busara aliye hai asomewe sehemu inayomhusu kabla ya uchapishaji. Akikataa, mwandishi anaweza kuandika kwamba jambo hilo lipo na halisemwi.

Nakala chache zilizochapishwa na kutiwa jalada katika duka la mjini zinatosha kwa ukoo mmoja. Rekodi za sauti zihifadhiwe angalau mahali pawili, na kila moja iandikwe jina la msemaji, tarehe na kijiji, kwa maana wajukuu hawataitambua sauti hiyo.