Kitalu si shamba: programu ambayo haijaiva ikae wapi?

Mimi nimerudi kampasi juzi, bado nanukia dagaa. Nilikuwa mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja kando ya Ziwa Nyasa, ukishuka kutoka kwetu Mbinga mpaka milima iishe. Nimerudi na aibu moja, na leo naitoa hapa, maana imenifanya nisome historia kuliko nilivyowahi kusoma kwa ajili ya mtihani.

Shule ilikuwa na kompyuta moja kuukuu ya walimu. Mimi na ujuaji wangu nikaiwekea Debian, tena nikaielekeza kwenye ghala la majaribio ili tupate programu mpya mpya. Wiki sita mambo safi. Usiku wa kuamkia mtihani wa Kidato cha Pili nikasasisha programu, nikazima, nikawasha: kioo cheusi. Bando limeisha, na mtihani umo humo ndani. Mwalimu mlezi wangu hata hakunigombeza. Asubuhi alichukua chaki akauandika mtihani ubaoni kwa kumbukumbu, na maswali matatu yakampotea. Watoto wakaanza kunakili, muda wa kujibu ukaliwa. Baadaye ndo nikagundua mafaili yalikuwa salama, ila sikujua namna ya kuyafikia.

Mwenzangu wa chumbani aliposikia akacheka: "Ghala limejaa vitu ambavyo havijakamilika, ulitegemea nini?" Nikamjibu kwamba majaribio ndiyo kazi yake. Tumebishana siku mbili. Nimeenda kwenye historia, na kusema ukweli wote wawili tulikosea.

Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993. Mwishoni mwa 1995 kampuni moja ya kuuza CD, InfoMagic, ilichukua toleo lililokuwa bado jikoni, ikalichapa na kuliita 1.0. Watu wakanunua wakidhani kimeiva. Debian wakaona bora namba hiyo waiache kabisa, toleo lao la Juni 1996 likaitwa 1.1. Ndipo pia ulipoanza utaratibu wa kuliita toleo linalotengenezwa kwa jina badala ya namba, ili mtu asichanganye kilicho jikoni na kilicho mezani. Majina yalitoka kwenye filamu ya Toy Story. Wa kwanza alikuwa Buzz, na ghala la vurugu likaja kupewa jina la Sid, yule mtoto anayevunjavunja midoli.

Lakini majina peke yake hayakutosha. Kulikuwa na ghala imara na ghala la vurugu, katikati hakuna kitu. Kila toleo jipya likikaribia, kazi yote inagandishwa, kasoro zinasakwa miezi na miezi. Mwaka 2000 Anthony Towns akaleta ghala la tatu, la majaribio, na hapo ndipo jibu letu lilipo. Programu inaingia Sid kwanza. Inakaa huko siku 2, 5 au 10 kulingana na uharaka, na ikionekana haina kasoro kubwa mpya ndipo inavuka kwenda kwenye majaribio. Ile ambayo hata mtunzaji wake anaona bado, haitakiwi kufika Sid. Ina ghala lake la pembeni, na anayeitaka lazima aifuate mwenyewe.

Yaani kutokamilika ni jambo moja, kutojaribiwa ni jambo lingine. Ghala la majaribio ni la programu ambayo mwenyewe ameshasema imekamilika, sasa tunataka tuone kama itaishi na wenzake.

Mtu wa Mbinga hahitaji kuelezwa sana hapa. Kahawa inaanzia kitaluni, mche unakuzwa mpaka upate nguvu, halafu ndo uende shambani. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI pale Ugano hakimpi mkulima aina ya mche ambayo bado haijajulikana itasimamaje mbele ya chulebuni. Mkulima akipewa mche mbovu anapoteza miaka kabla hajajua.

Linux nayo imeshapoteza hivyo. Januari 2008 ilitoka KDE 4.0, na waandishi wake wenyewe walionya kwamba si ya kila mtu. Fedora 9 ikaiweka Mei mwaka huohuo, watumiaji wakalia. Hata Linus Torvalds mwenyewe mwaka 2009 alisema amehamia GNOME. Debian waliiacha KDE 4 kwenye lile ghala la pembeni, na toleo lao la Februari 2009 likatoka na KDE 3.5. Walichekwa kwa uzee, lakini kompyuta za watu zilifanya kazi.

Mtu atasema basi tuyafunge maghala ya mbele, wote tubaki kwenye imara. Hapana bana. Machi 2024 Andres Freund alikuwa anapima kitu kwenye Sid, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Akafukua, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ulishavuka mpaka ghala la majaribio, ila ghala imara halikuguswa. Bila watu wanaokubali kukaa mbele, ungetufikia wote.

Neno langu liko hapo: wanaokubali. Freund alijua yuko kwenye ghala la vurugu. Wale watoto wa Kidato cha Pili hawakuulizwa. Kosa halikuwa la ghala, lilikuwa la mimi niliyechukua kitalu nikakiita shamba, kwenye kompyuta ambayo si yangu.

Kabla sijaondoka niliisimika upya kwa ghala imara, nikamwandikia mwalimu kwenye karatasi jinsi ya kutoa nakala za mafaili kwenye flashi. Akaniuliza, "Na hii nayo ni ya majaribio?" Nikamwambia hapana mwalimu, hii wenzetu wameshaijaribu.

Majaribio nayaendeleza kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Ikigoma tena, nitawaambia.