Kalafati ya Kilwa: Kutoka Ubani Hadi Gasketi

Julai 24, 1505, kikosi cha Mreno Francisco de Almeida kilishuka Kilwa Kisiwani na kuupora mji. Maelezo ya msafara huo yanayohusishwa na Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwamo, yanataja jambo ambalo mafundi wa pwani wanapaswa kulijua. Kilwa ilikuwa na vyombo vingi, vikubwa vyake vikitoshana na merikebu ya Kireno ya tani 50, na havikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kisha mianya ikazibwa kwa lami nyeusi ya ubani na utomvu. Hivyo ndivyo vyombo vilivyofika Sofala, bandari ya kusini iliyokuwa na biashara ya dhahabu.

Huo ulikuwa ufundi wa sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alieleza kwamba merikebu ya misumari ikigonga mwamba huvunjika, ilhali iliyoshonwa hunyumbuka. Lakini kiungo kinachocheza huvuja, na hapo ndipo mzibaji alipopata taabu yake. Msafiri mwingine, Ibn Jubayr, alipopita bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183, aliona vyombo vya kushonwa vikipakwa mafuta, na akasema ya papa ndiyo bora.

Mafuta ya papa yamedumu kuliko kamba. Misumari iliposhika nafasi ya mshono, kazi ya kuziba ikawa kalafati: pamba husokotwa, hutiwa mafuta, hushindiliwa kwa patasi na nyundo mpaka ikae ndani kabisa ya mwanya. Chombo kikishushwa majini, ubao hunywa maji, huvimba, na kuibana pamba. Juu ya maji chombo hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Chini hupakwa deheni, yaani shahamu na chokaa, kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao.

Kila kitu kina kazi yake. Pamba huzuia maji, deheni huulinda ubao. Anayefunika mwanya kwa deheni bila pamba humdanganya nahodha, na ngama, sehemu ya chini ya chombo yanapokusanyika maji, itamfichua.

Leo baadhi ya vyombo vya Kilwa na Lindi vina injini, na suala lile lile la kuziba mwanya limehamia kwenye chuma, pale menifodi ya hewa inapokutana na injini. Gasketi ya mpira ikikaa juu ya chuma safi na kilichonyooka, haihitaji silikoni. Katika baadhi ya injini za V, tone dogo hutiwa pembeni tu, silinda hedi na bloku zinapokutana. Silikoni ikizidi hufinywa ikaingia ndani. Uso uliopinda nao hauponi kwa kupakwa; hewa itapenya, na injini ya petroli huenda ikatetemeka.

Vyuo vya ufundi vya Lindi viwaite mafundi wa majahazi wafundishe kalafati bega kwa bega na walimu wa injini, wakati mafundi hao wangalipo.